Kinyago ulichoniagiza

Moshi,
12 Agosti

Dada Mwanahawa,

Habari za Kilwa na za watoto? Sisi hatujambo, isipokuwa Mama Neema, ambaye baridi ya huku imemlaza kwa kikohozi, ingawa ulimi wake bado u mzima kabisa.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kile kinyago cha kumuagia mwalimu mkuu wenu. Jumamosi nilikwenda kwa wachongaji, nikachagua simba mweusi wa kupendeza, nikamfunga katika kanga. Nilipofika nyumbani kanga ilikuwa imejaa madoa, na chumba kizima kinanuka dawa ya viatu. Nilimkwaruza tumboni kwa kisu, akatoka mweupe kama muhogo. Niliporudi, mchongaji hakubisha wala hakuona haya: alisema kwamba mpingo wa kweli ni ghali, unatoka mbali, na wanunuzi wengi hawajui tofauti. Alinirudishia nusu ya fedha. Nusu iliyobaki nitailipa mimi, na tafadhali usibishane nami.

Neno lililonikaa ni lile "unatoka mbali". Mpingo si mgeni katika nyanda kavu zilizo chini ya mlima wetu. Unamkumbuka marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho, ambaye mwaka 1996, pamoja na Mmarekani James Harris, alianzisha mradi wa kuotesha mpingo hapa Moshi? Alifariki mwaka 2014, na miti ya miaka ile ya mwanzo bado ni watoto, kwa kuwa mpingo huhitaji miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kukatwa. Hata ukikomaa, kinachotakiwa ni kile kiini cheusi tu, nao mti wenyewe mara nyingi umepinda na kugawanyika tangu chini, ilhali mtengeneza klarineti (ala ya muziki ya kupuliza) wa Ulaya hutaka kipande kilichonyooka kisicho na fundo wala ufa. Tena tangu mwaka 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Simba wangu, kwa rangi ile ya viatu, angevuka mpaka wowote bila kibali.

Kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu wewe unayeniagiza mpingo unaishi Kilwa! Si huko kwenu ambako wanakijiji wa Kikole wanamiliki msitu wao, na mwaka 2009 walipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utaratibu bila kuharibiwa? Ni sawa na mtu wa Bukoba kuagiza ndizi Dodoma.

Basi mimi ndiye mwenye ombi sasa. Shuleni kwetu tumeanzisha kitalu, lakini mbegu tulizouziwa hazikuota hata moja, nami nashuku zilikuwa za zamani. Je, mipingo ya huko imekwisha kukausha maganda yake? Unaweza kuniokotea yaliyo mazima, yasiyotobolewa na wadudu, na kumkabidhi Salumu atakapopanda basi? Na miche michanga mnailindaje na moto wa wasafisha mashamba? Je, Kikole humuuzia hata mtu anayetaka kipande kimoja cha kuchonga, au ni kwa magogo tu? Na mwalimu mkuu anaondoka lini hasa, ili nijue kama nimtafute mchongaji mwingine au nimnunulie kahawa?

Rafiki yako,
Anjela