Risala ya Kamati ya Ujenzi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Kufungua Madarasa Matatu ya Shule ya Msingi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Diwani, Afisa Elimu Kata, Mwenyekiti wa kijiji na wazee wetu, walimu, wazazi na wanafunzi, mbukwa! Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, kabla hujakata utepe tuna ombi dogo. Ukiingia darasani simama katikati, nyamaza kidogo, kisha toka uingie lile darasa la zamani la jirani. Sasa ni saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, na Dodoma ya Oktoba unaijua. Vyumba vyote viwili havina feni. Utakachokihisi ndicho tulichotaka kukueleza leo.

Wazo tulilitoa mbali. Mwalimu wetu mmoja alituonyesha kwenye simu picha za shule ya msingi ya Gando, kijiji cha Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Aliyeichora ni mtoto wa kijiji hicho hicho, Francis Kéré, wakati huo angali mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Berlin. Wanakijiji walifyatua matofali ya udongo, watoto wakasomba mawe ya msingi, akina mama wakachota maji. Shule ile ikapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani. Sisi kilichotushika si tuzo, ni paa. Bati limenyanyuliwa juu kabisa ya dari, limebebwa na kenchi za nondo za kawaida zilizochomelewa, na upepo unapita katikati ukiondoka na joto. Mzee mmoja wa kamati aliitazama ile picha akasema: hiyo nyumba imevaa kofia, haikujifunga kilemba.

Mheshimiwa, ugomvi mkubwa haukuwa paa wala fedha. Ulikuwa barabara. Kamba za msingi zilikwisha kufungwa jengo likiitazama barabara, maana shule, walisema wengi, lazima ipendeze kwa anayepita. Lakini barabara yetu inatoka kaskazini kwenda kusini. Madirisha yangekaa mashariki na magharibi, na jua la saa mbili asubuhi na la saa tisa alasiri lingeingia hadi kwenye madaftari. Tulibishana vikao vitatu. Mwishowe tuliwaomba wenye shaka wakae saa tisa kwenye darasa la zamani, upande wa dirishani. Kikao cha nne kilikuwa kifupi. Kamba zikafunguliwa, jengo likageuzwa: kuta ndefu zenye madirisha zinatazama kaskazini na kusini, ambako jua la adhuhuri liko juu na kivuli cha paa kinatosha kulizuia. Kuta fupi za mashariki na magharibi hazina dirisha hata moja. Kwa hiyo mgeni anayepita barabarani anaona ukuta mtupu, na hilo bado linawauma baadhi yetu.

Matofali ni ya kufungamana, ya udongo mwekundu wa hapa hapa na saruji kidogo, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayakuchomwa. Tungechoma tanuru, migunga iliyobaki bondeni ingekwisha. Tuliyamwagilia chini ya kivuli yakomae, kazi iliyofanywa kwa zamu na vitongoji vyote. Ujenzi ulikwenda kwa fosi akaunti, yaani kusimamia mafundi wenyewe bila mkandarasi, pamoja na nguvu za wananchi.

Mwanga unaingia pande zote mbili, na kuta za ndani tumezipaka chokaa nyeupe. Taa mchana haiwashwi. Paneli moja ya sola inatosha taa ya mlinzi na kompyuta ya mwalimu mkuu.

Hatukupatia kila kitu. Dari ya matofali kama ya Gando fundi aliikataa kwa sababu ya uzito, tukaweka ya mbao. Ule uwazi kati ya dari na bati popo waliupenda kuliko sisi, ikabidi tuzibe kwa wavu wa waya baada ya walimu kulalamikia harufu. Na mvua ikinyesha bati linapiga kelele, mwalimu anaandika tu ubaoni hadi ipungue.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunafahamu kwamba madarasa mawili na nyumba ya mwalimu yamo katika mpango ujao. Ramani ya Serikali tutaifuata kwa vipimo vyake vyote. Tunachoomba ni ruhusa ya maandishi, kupitia kwa Mhandisi wa Halmashauri, ya kuligeuza jengo lifuate jua badala ya barabara, na kulinyanyua bati kama ulivyoliona hapa. Pia tunaomba mashine ya pili ya kufyatulia matofali, kwani hii tuliyonayo ni ya kuazima na kijiji jirani wanaidai.

Tunaomba kuwasilisha.