Majibu ya mlinganisho wa maneno yachapishwe pamoja na sababu zake

Mhariri,

Karatasi za marudio zinazouzwa kwenye vibanda vya River Road, na zile zinazosambazwa katika vikundi vya WhatsApp vya wazazi hapa Nairobi, siku hizi hazikosi maswali ya kulinganisha maneno. Hasira ni kwa ghadhabu kama huzuni ilivyo kwa nini? Maswali yenyewe ni mazuri. Kinachoyaharibu ni ukurasa wa mwisho, ambako jibu huandikwa kwa herufi moja tu, B au D, bila neno la kueleza limepatikanaje. Mzazi anasahihisha, mtoto anaikariri herufi, na swali la kesho linamkuta palepale.

Tulichukue hilo la hasira. Tuseme majibu ya kuchagua ni furaha, majonzi, jitimai na machozi. Furaha ni kinyume cha huzuni, machozi ni matokeo yake. Hayo mawili yanaondoka upesi. Ghadhabu ni hasira iliyopanda, kwa hivyo tunatafuta huzuni iliyopanda, nayo ni jitimai. Lakini wapo wanaotumia majonzi kwa uzito huohuo, na hawavunji sheria yoyote ya lugha. Mtoto aliyechagua majonzi hana kosa. Mwenye kosa ni mtungaji aliyeweka majibu mawili yanayoingia kwenye pengo moja. Angeweka faraja mahali pa majonzi, swali lingesimama.

Chanzo cha vurugu hii kiko darasani. Tumezoea kuandika "visawe" juu ya ubao, kisha chini yake tunamimina hasira, hamaki, ghadhabu. Maskini, fukara, hohehahe. Tajiri, mkwasi, bwanyenye. Katika insha hakuna hasara kubwa. Katika mlinganisho, mwanafunzi aliyefunzwa kwamba fukara ni maskini tu kwa jina jingine hawezi kuiona ngazi iliyo kati yao, na swali zima limejengwa juu ya ngazi hiyo.

Kuna vipimo vitatu ambavyo hata mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kuvitumia kwa mdomo. Kisawe hukubali "yaani" kutoka pande zote mbili: daktari, yaani tabibu, tabibu, yaani daktari. Kinyume hukubali "si hivi, bali vile": si hai, bali mfu. Ngazi hukubali "si hivi tu", na hukubali upande mmoja peke yake. Si tajiri tu, ni mkwasi. Ukigeuza, si mkwasi tu, ni tajiri, hata mtoto atacheka. Nyumba haikuungua tu, iliteketea. Wakazi hawakulalamika tu, walifoka. Kile kineno "tu" ndicho kinachofichua kwamba maneno mawili yako upande mmoja lakini hayako kimo kimoja.

Mwelekeo nao hupoteza alama nyingi. Vuguvugu kwa moto ni kupanda. Moto kwa vuguvugu ni kushuka. Mwanafunzi akipewa "Tufani : upepo :: gharika : ___", yaani tufani ni kwa upepo kama gharika ilivyo kwa nini, na majibu yakiwa na mvua, mafuriko, jua na dhoruba, wengi hukimbilia mafuriko kwa sababu yanakaa karibu na gharika kichwani. Jozi ya kwanza inashuka kutoka kikubwa hadi cha kawaida. Jibu ni mvua, kwa kuwa gharika hapa ni mvua kubwa mno, na mafuriko ni matokeo yake.

Kwa hiyo afunike majibu kwanza, kwa kiganja au kwa rula. Aisome jozi kamili na kuitungia sentensi moja inayotaja uhusiano na mwelekeo: "Tufani ni upepo uliozidi." Sentensi hiyohiyo, bila kubadilisha kitu ila upatanisho wa ngeli, aiweke kwenye jozi ya pili: "Gharika ni ___ iliyozidi." Ajaze kwa neno lake mwenyewe kabla ya kufunua. Akifunua na kukuta majibu mawili yanafaa, mara nyingi tatizo liko katika sentensi yake, ni pana mno, aikaze. "Tufani inahusiana na upepo" si sentensi ya kazi, maana mafuriko pia yanahusiana na gharika. Kisha aangalie aina ya neno: nomino kwa nomino, kitenzi kwa kitenzi. Ghadhabu haiwezi kukaa pale panapohitaji kasirika.

Vinyume ndivyo vinavyodhaniwa rahisi, na ndivyo vinavyonasa watu. Neno moja linaweza kuwa na vinyume viwili halali, na ni jozi ya kwanza tu inayoamua. Kopa ni mfano mzuri. "Nunua : uza :: kopa : ___", majibu yakiwa lipa, kopesha, dai na omba. Wengi huandika lipa. Lakini kununua na kuuza ni tendo moja linalotazamwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, kwa hiyo jibu ni kopesha. Badilisha jozi ya kwanza iwe "Funga : fungua" na jibu linageuka: kufungua hufuta kufunga, na kinachofuta mkopo ni kulipa. Mwalimu anayeuliza tu "kinyume cha kopa ni nini?" anauliza swali lisilo na jibu moja.

Vipo pia vinyume visivyo na katikati, kama hai na mfu, na vilivyo na katikati, kama moto na baridi ambapo vuguvugu limeketi. Hivi vya pili vina ngazi pande zote mbili, na lazima vitazamane kwa kimo sawa. "Tajiri : maskini :: mkwasi : ___" haitaki mhitaji wala maskini, inataka fukara. Maneno hayohayo manne yakipangwa "Tajiri : mkwasi :: maskini : fukara" swali limeacha kuwa la kinyume na kuwa la ngazi. Zoezi la kuwapa wanafunzi maneno manne na kuwaambia wayapange kwa njia mbili, kisha wataje uhusiano wa kila mpango, hufundisha kuliko kurasa kumi za A, B, C, D.

Kwenye vitenzi vya kutendua, yaani vinavyofuta tendo la kwanza, kosa huwa la umbo. Anika, ezeka, bandika na funika huangusha ile -ik- au -ek- kabla ya kupokea -u-: anua, ezua, bandua, funua. Watoto huandika "anikua" na "ezekua" kwa sababu wameongeza bila kupunguza. Wengine huvuka mpaka wa pili na kuamini kwamba kila kitenzi chenye -ua mwishoni ni kinyume cha kingine. Chagua, nunua na sugua havitendui chochote, na ugua kinyume chake ni pona.

Tanakali ni ngazi za aina yake. Giza totoro, jaa pomoni, lowa chepechepe, kimya jii, nyeupe pe. Neno la pili linaongeza nguvu ya la kwanza bila kuleta maana mpya. Katika "Jaa : pomoni :: lala : ___", sinzia ni mtego mzuri sana, kwani lipo kwenye ngazi moja na lala ila liko chini yake. Jibu ni fofofo. Takriri, yaani kulirudia neno, nayo haitabiriki: kata na katakata ni kuzidisha, lakini lia na lialia, cheka na chekacheka, ni kurudiarudia tu, aghalabu kwa wepesi. Mtungaji asiyelijua hilo asiziguse.

Ugumu wa Nairobi ni kwamba mtoto ana neno moja la kupandishia kila kitu. Kumenyesha mbaya, nina njaa mbaya, alikasirika mbaya. Neno hilo halina ubaya wowote huko mtaani, lakini mtoto akifika kwenye rasharasha, manyunyu na gharika, hana pa kushika. Marekani waliyaondoa maswali ya mlinganisho katika SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, mwaka 2005, baada ya kulaumiwa kwa muda mrefu kwamba yalipima msamiati wa nyumbani kuliko uwezo wa kulinganisha. Lawama hiyo inatuhusu. Ikiwa unapima kufikiri, tumia maneno ambayo darasa zima linayajua. Ikiwa unapima msamiati, basi jitimai iingie, lakini iwe imefundishwa.

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa wote wanaochapisha karatasi hizi, ni dogo. Kando ya kila herufi ya jibu iwekwe aina ya uhusiano na mwelekeo wake, maneno matatu au manne: "7. C, fukara: ngazi, kupanda." "8. B, kopesha: kinyume, pande mbili za tendo moja." Na kabla ya kupeleka karatasi kwa mpiga chapa, mtungaji ampe mwenzake ambaye hajaiona aifanye bila majibu, panapotofautiana, swali hilo lirudi mezani.

Walimu wa Kiswahili,
Kasarani, Nairobi