Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ini na Magonjwa Nyemelezi kwa Wanaoishi na VVU

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye jambo moja: mtu anayeishi na VVU asibadilishiwe dawa kabla hatujajua kama ana homa ya ini B.

Tenofoviri na lamivudini, ambazo ni dawa za VVU, hufubaza VVU na pia virusi vya homa ya ini B. Tenofoviri ikiondolewa, iwe ni kwa usugu wa VVU au kwa ajili ya figo, homa ya ini B hubaki na lamivudini peke yake, na baada ya muda virusi huwa sugu. Zikiondolewa zote, ini linaweza kuvimba ghafla hata kushindwa kufanya kazi. Kwa hiyo HBsAg (alama ya homa ya ini B kwenye damu) ipimwe mwanzoni, na jibu liandikwe kwenye jalada la faili, si kwenye kikaratasi cha maabara ambacho hupotea. Dolutegraviri (dawa nyingine ya VVU) na lamivudini bila dawa ya tatu hazimtoshi mwenye homa ya ini B. Sindano za VVU za kabotegraviri na rilpivirini nazo hazigusi homa ya ini B kabisa. Figo zikidhoofu, fikirieni tenofoviri alafenamidi (aina ya tenofoviri iliyo pole zaidi kwa figo), au entekaviri (dawa ya homa ya ini B) juu ya ARV kamili.

Asiye na maambukizi wala kinga achanjwe: mwezi 0, 1 na 6. Kinga ikiwa chini mwili huitikia chanjo kwa shida, hivyo dozi maradufu ina faida. Kingamwili zipimwe mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. Zisipofika 10 mIU/ml, arudiwe chanjo.

Homa ya ini C inapona, na inasikitisha kuona mgonjwa akikaa nayo bure. Kingamwili pekee hazithibitishi ugonjwa. Pimeni virusi vyenyewe. Kisha sofosbuviri 400 mg na daklatasviri 60 mg kila siku kwa wiki 12 (daklatasviri 90 mg kwa anayetumia efavirenzi, dawa ya VVU). Zisichanganywe na rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Mwenye B na C akitibiwa C bila dawa ya B, B inaweza kuamka.

Kwa mwenye CD4 (chembe za kinga) chini ya 100, na chini ya 200 panapowezekana, pimeni kwenye damu antijeni ya kriptokokasi, kuvu anayeshambulia utando wa ubongo, hata kama kichwa hakiumi. Ikionekana, maji ya uti wa mgongo yachunguzwe kabla ya ARV. Yakiwa safi, apewe flukonazoli (dawa ya kuvu) 800 mg kila siku kwa wiki 2, 400 mg kwa wiki 8, halafu 200 mg. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye utando wa ubongo, ARV zisubiri wiki 4 hadi 6. Kuharakisha hapo huua. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu apewe dolutegraviri 50 mg mara mbili kwa siku.

Kamati inaomba mkutano upitishe pendekezo moja: fomu ya kubadilisha dawa isikubaliwe kwenye dirisha la dawa bila jibu la HBsAg.

Mwenyekiti