Barua kuhusu mtia rangi aliyeutembeza umeme juu ya uzi

Dodoma

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta buheri wa afya, pamoja na jamaa wote wa hapo Tanga. Sisi huku hatujambo. Uliniuliza ni nani aliyegundua kwamba umeme unaweza kusafiri kutoka mahali pamoja hadi pengine, na nadhani ulitarajia nikutajie Benjamin Franklin, yule Mmarekani, na tiara aliyoirusha kuchunguza umeme wa radi. Lakini zaidi ya miaka 20 kabla ya tiara hiyo jibu la swali lako lilikwisha kupatikana, na aliyelipata alikuwa mtia rangi nguo wa Canterbury, Uingereza, aitwaye Stephen Gray.

Uzeeni Gray aliishi London, katika Charterhouse, nyumba ya hisani iliyowahifadhi wazee wasio na uwezo. Mwaka 1729, umri wake ukiwa umepita miaka 60, alikuwa akisugua bomba la kioo lenye urefu wa zaidi ya futi 3 ili livute manyoya, jambo ambalo wataalamu wa wakati huo walikwisha kulizoea. Bomba hilo alilitia kizibo kila upande ili vumbi lisiingie. Siku moja akaona unyoya ukikikimbilia kizibo, ilhali kizibo hakikuguswa na mkono uliosugua. Akachomeka kijiti katika kizibo na kutia kitufe cha pembe ya ndovu kwenye ncha yake. Kitufe nacho kikavuta. Akaacha vijiti, akafunga uzi mnene wa kufungia mizigo, akauteremsha kutoka juu ya nyumba, na kitufe kilichoning'inia chini kikaendelea kuvuta.

Shida ilianza alipotaka kuulaza uzi huo usawa wa dari. Aliutundika kwa kipande cha uzi wa aina ileile kilichofungwa kwenye msumari wa boriti, na kitufe kikawa hakivuti chochote, kwa kuwa umeme wote ulipanda kwenye boriti na kupotelea huko. Mwishoni mwa Juni mwaka huo alimtembelea rafiki yake Granville Wheler huko Otterden, Kent, naye Wheler akamshauri autundike kwa nyuzi za hariri. Gray alikubali akiamini kwamba hariri, kwa wembamba wake, ingevujisha umeme kidogo tu. Tarehe 2 Julai jaribio likafaulu kwa uzi wa futi 80 na nusu.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Walipozidi kuurefusha uzi, hariri ilikatika kwa uzito, wakaweka waya mwembamba wa chuma, nao ulipokatika wakaweka wa shaba ulio mnene kidogo. Waya ulishikilia vizuri, bomba likasuguliwa sana, lakini kitufe hakikuvuta hata chembe. Hapo Gray akatambua kwamba wembamba haukuwa na kazi yoyote katika jambo hili: hariri ilifaa kwa sababu ni hariri, na shaba ilishindwa kwa sababu ni shaba. Utofautishaji wote tunaoufanya leo kati ya vipitishi, yaani vitu vinavyopitisha umeme, na vihami, yaani vinavyouzuia, umeanzia katika uzi ule uliokatika. Waliporudi kwenye hariri waliufikisha umeme umbali wa futi 765.

Agosti iliyopita, hewa ya huku ikiwa kavu, nilifunga mishipi ya nailoni baina ya nguzo za baraza ya darasa langu, nikalaza juu yake uzi wa pamba wa mita 6 ulioloweshwa kidogo, na mwishoni nikaning'iniza kopo tupu la maziwa. Mwanafunzi mmoja alisugua bomba la plastiki la maji kwa kipande cha blanketi la sufi, akalisogeza kwenye ncha ya kwanza, na vipande vya karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara vikaruka kutoka sakafuni hadi kwenye kopo. Nilipoondoa nailoni na kuweka waya wa shaba, havikutikisika. Huko kwenu, kwa unyevu wa bahari, nilijaribu mara tatu zamani zile na nikashindwa kila mara.

Wengi humkumbuka Gray kwa onyesho la tarehe 8 Aprili 1730, alipomning'iniza mvulana mwenye uzito wa ratili 47 na aunsi 10 kwa kamba mbili za singa, akasogeza bomba miguuni pake, na vipande vya shaba nyembamba vikarukia usoni kwake. Onyesho hilo ndilo lililoenea Ulaya. Huko Ufaransa, mwanasayansi du Fay alijining'iniza mwenyewe, na mwaka 1746 mwenzake Nollet aliwapanga askari 180 wakiwa wameshikana mikono mbele ya mfalme Louis XV, akawarusha wote kwa pigo moja la umeme. Yalikuwa maonyesho makubwa, lakini kwangu mimi hayaufikii ule uzi wa Otterden. Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi, ilimpa Gray tuzo yake ya medali ya Copley mwaka 1731, akiwa mtu wa kwanza kuipata, kisha ikampa tena mwaka 1732.

Nina ombi moja. Ukipita kwenye maduka ya vitambaa ya huko, niulizie nyuzi za hariri halisi, kwani nimechoka kutumia nailoni, na darasa zima linataka kuuona mkato ule.

Wasalaam,
Rafiki yako