Mafundi cherehani wa Dodoma, hebu tuangalieni huu mfuko wa shati

Mhariri,

Salaam kutoka Chang'ombe, Dodoma. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee kitu ambacho wengi watasema ni kidogo ila kwangu mimi si kidogo hata kidogo, nacho ni mfuko wa shati, huu wa kifuani upande wa kushoto.

Mimi ni fundi simu na kompyuta, na tangu shule nilikuwa kwenye wale mnaowaita vipanga, na mpaka leo nasema wazi kwamba mimi ni kipanga. Mfukoni kwangu hapakosi peni mbili, ya bluu na nyekundu, penseli, testa, bisibisi ndogo ya nyota, kibano, rula ya chuma ya sentimita 15, vijiti vya meno vitatu vinne, afu flashi inakaa chini kabisa. Watu wananiuliza si ubebe begi? Begi ninalo, lakini mtu anakushika njiani pale soko la Majengo anakwambia fundi simu yangu haichaji hebu icheki, huwezi kuanza kushusha begi kwenye lile vumbi na kufungua zipu tatu, unatia vidole mfukoni unatoa kijiti cha meno, unazima simu, unachokonoa taratibu zile nyuzinyuzi zilizojaa kwenye tundu la chaji (kwa chuma usijaribu, unaweza kuharibu pini) na mara nyingi ndo ugonjwa wenyewe, simu inachaji na mtu anaenda zake. Testa nayo hivohivo, kale kataa ka ndani ndo kananiambia kabla sijagusa waya kama una moto, sasa kitu kama hicho nikiache nyumbani?

Shida ni kwamba mashati yetu hayakushonwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mwezi wa kumi mwaka juzi niliitwa kwenye usaili ofisi moja hapa mjini, nikavaa shati jeupe jipya, nikapanda bodaboda saa saba mchana, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua wenyewe. Nafika naambiwa nikae, nainama kuangalia vyeti naona doa la bluu kama sarafu na linazidi kukua. Wino wa peni ni mzito ila ukipata joto unalegea, na peni ikiwa imeangalia chini, au kile kigololo chake kimeshalika, unatoka taratibu bila wewe kujua. Nilijibu maswali yote nimeshikilia faili kifuani. Kazi sikupata, sisemi ni kwa sababu ya doa, ila lile shati mpaka leo ni la kuvaa chini ya ovaroli.

Ndo nikaanza kutafuta wenzetu walifanyaje. Nikakuta kulikuwa na mhandisi wa umeme kule Buffalo, Marekani, anaitwa Hurley Smith, alichoka kuona mashati meupe ya wahandisi wenzake yana madoa ya wino na mifuko imechanika, akachukua kipande cha plastiki laini akakikunja, upande wa nyuma akauacha mrefu upite juu ya mfuko ili klipu na ncha za penseli zisiguse kitambaa, upande wa mbele ukafunika ukingo wa mfuko. Basi. Aliomba hataza (haki ya mvumbuzi) 1943 akapewa 1947, mwaka uleule Waingereza walipoanza kufyeka pori Kongwa kwa ajili ya karanga. Baadaye makampuni yakawa yanachapisha majina yao kwenye ile plastiki na kugawa kama matangazo. Mfuko wa shati ulikuwa na heshima kiasi kwamba hata kikokotoo cha HP-35 kilipotoka 1972 ukubwa wake ulipangwa kiingie humo, na ndicho kilichozika zile rula za kukokotolea, za kutelezesha ili kupiga hesabu, ambazo wahandisi walitembea nazo miaka yote.

Na huku kwetu heshima hiyo ilikuwepo jamani. Babu yangu kule Kongwa alikuwa na Kaunda suti ya kijivu na kifuani peni mbili zimesimama, watu wakitaka kuandikiwa barua wanamfuata hata njiani, maana wanaona kabisa huyu ana peni. Leo kijana wa ufundi akichomeka peni na bisibisi mfukoni wenzake wanamwita mshamba, mdogo wangu anayesoma umeme ameacha kubeba testa kwa sababu hiyo, anaazima ya mwenzie. Hilo linaniuma kwelikweli. Fundi umeme bila testa, kweli?

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mafundi cherehani wa hapa mjini, hasa mnaoshona sare za wanafunzi wa ufundi na za watu wa saiti. Mfuko uwe na kina cha kutosha, peni ya kawaida inakaribia sentimita 15 na mifuko mingi ni mifupi kuliko hapo, ukiinama kila kitu kinamwagika. Pembe za juu mzipige uzi mara mbili. Ila plastiki msiishonee humohumo kwenye shati, pasi itaiyeyusha, tengenezeni kipochi cha kuchomeka na kuchomoa, shati linafuliwa chenyewe kinapanguswa na kitambaa. Na wenye maduka ya steshenari mkiviweka pembeni ya peni naamini vitatoka.

Kwa sasa najitengenezea mwenyewe kwa kava la faili la plastiki, nakata, nakunja kama alivyofanya Smith, kimoja kinanipeleka miezi mitatu minne afu kinapasuka kwenye kunjo. Fundi atakayeshona kinachodumu zaidi ya hapo mimi nachukua vitano kwa kuanzia, viwili vyangu, kimoja cha mdogo wangu, na viwili vya vijana ninaowafundisha kazi hapa kibandani.

Fundi simu na kompyuta,
Chang'ombe, Dodoma