Risala ya Timu ya Soka ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Fainali ya Madarasa, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wajumbe wa bodi,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu, na ninyi majirani mliopanda ukuta upande wa miembe kwa sababu viti vimekwisha,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wachezaji wote wa timu ya wasichana, tunakukaribisha sana shuleni kwetu na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako. Tumepewa dakika kumi, na mwalimu wa zamu ameshika saa.

Desturi ya risala tunaijua. Huanza na historia ya shule, zikaja changamoto, kisha maombi, na mgeni huwa ameshajua tangu anashuka garini kwamba maombi yapo. Hata leo yapo, hatukufichi. Ila historia ya shule umeshapewa kwenye kipeperushi pale mlangoni, kwa hiyo nafasi yake tumeomba tuitumie kujibu swali moja tunaloulizwa kila tukirudi nyumbani na jezi za vumbi: "Haya, na huo mpira utakupeleka wapi?" Wanauliza mama zetu, wanauliza shangazi, anauliza hata muuza mihogo wa pale kona. Leo wengi wao wako hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na dada zetu wenyewe. Aisha Masaka alicheza Yanga Princess. Mwaka 2022 akaenda Sweden, klabu ya BK Häcken, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga naye alitoka Yanga Princess akapitia Hispania, sasa wanamjua Saudi Arabia akiwa na jezi ya Al Nassr. Julietha Singano, beki wa Simba Queens, alikwenda Juárez, Mexico. Opa Clement alikwenda Uturuki. Hawa wote tumewaona kwenye ligi yetu wenyewe, ligi iliyoanza msimu wa 2016/17 tu. Na bingwa wa kwanza wa ligi hiyo hakutoka Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Alikuwa Mlandizi Queens, hapo Pwani tu, njia tunayopita na basi tukienda Dar.

Wapo pia waliokuwa na umri kama wetu. Oktoba 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Kabla yao hakuna timu yetu ya taifa ya soka la uwanjani, iwe ya wanaume au ya wanawake, iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mechi ya kwanza Japani waliwafunga 4-0. Ukifungwa nne na Japani, halafu kinachofuata ni Ufaransa, mtu mzima mwenye akili zake anaanza kupanga mizigo. Wao wakamfunga Mfaransa 2-1. Wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Kolombia kwa mabao 3-0. Kocha wao, Bakari Shime, hahitaji kutambulishwa katika mji huu. Wazee wa uwanja wa Mkwakwani wanamkumbuka tangu enzi za timu ya Mgambo.

Kolombia ile iliyotutoa ilikuwa na binti anaitwa Linda Caicedo. Alipokuwa na miaka 15 aligundulika kuwa na saratani ya ovari. Akatibiwa, akapona, akarudi uwanjani. Mwaka ule wa 2022 alicheza Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 na lile la chini ya miaka 20, na mwaka uliofuata akacheza la wakubwa, huku Real Madrid wakiwa wameshamchukua. Tunamtaja kwa sababu ukifungwa ni vizuri kujua umefungwa na nani.

Na Julai 2025 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikuwa Morocco kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, mara yao ya kwanza tangu mwaka 2010. Hawakuvuka kundi. Lakini Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, walitoka na sare ya 1-1, na bao letu alilifunga Opa Clement. Siku ile tuliitazama kwenye banda la video, tumekaa mbele, na wanaume walikuwa nyuma yetu wanashangilia kuliko sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukienda mbali zaidi tutamkuta Marta wa Brazil. Alizaliwa mwaka 1986 katika mji mdogo wa Dois Riachos, na alicheza na wavulana kwa sababu timu ya wasichana haikuwepo. Akiwa na miaka 14 alipanda basi kwenda Rio de Janeiro kufanya majaribio, safari ya siku tatu. Amechaguliwa na FIFA kuwa mchezaji bora wa dunia mara sita. Kwenye Kombe la Dunia ana mabao 17, na Miroslav Klose wa Ujerumani, yule ambaye kaka zetu wanamtaja kila ubishi wa mabao ukianza, aliishia 16. Na mkiendelea kubishana tutamtaja Christine Sinclair wa Kanada, aliyeifungia timu yake ya taifa mabao 190. Hapo huwa pananyamaza.

Kinachotugusa kwa Marta ni hiki. Brazil, nchi ya mpira kuliko zote, iliwapiga wanawake marufuku kucheza soka kwa sheria tangu mwaka 1941 hadi 1979. Uingereza walifanya hivyo mapema zaidi. Tarehe 26 Desemba 1920, watu wapatao 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama wanawake wa timu ya kiwanda, Dick, Kerr Ladies. Mwaka haujaisha vizuri, Desemba 1921, chama cha mpira kikazuia wanawake wasitumie viwanja vya klabu zake, kwa hoja kwamba mchezo huu hauwafai. Zuio lile lilikaa karibu miaka 50. Hawakunyang'anywa mpira wala miguu. Walinyimwa uwanja, ikatosha. Tunaomba uliweke hilo akilini, maana tutalirudia tukifika kwenye maombi.

Wazazi wetu wengi wana wasiwasi wa aina nyingine, na ni haki yao: mavazi na dini. Tumelelewa hapa Tanga, tunatoka uwanjani tunakwenda madrasa, na hatutaki kuchagua kimoja. Kwa miaka kadhaa FIFA ilikataza kuvaa hijabu uwanjani, ikaruhusu rasmi mwaka 2014. Kombe la Dunia la 2023, Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, aliingia uwanjani amejifunga hijabu yake dhidi ya Korea Kusini, akiwa mchezaji wa kwanza kufanya hivyo kwenye fainali za wakubwa. Morocco walikuwa wametoka kufungwa 6-0 na Ujerumani. Siku hiyo walishinda 1-0, wakashinda na mechi iliyofuata, wakavuka kundi, na Wajerumani wakarudi kwao. Nahodha wao, Ghizlane Chebbak, ni binti wa Larbi Chebbak, aliyewahi kuichezea Morocco. Akina baba mliopo hapa, mnaona baba yule hakumficha binti yake mpira.

Mchezaji tunayempenda kuliko wote, hapa tunasema bila kura, ni Barbra Banda wa Zambia. Zambia si mbali, reli ya TAZARA inafika. Banda aliwahi kuwa bondia kabla mpira haujamchukua moja kwa moja. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, na mechi iliyofuata akafunga matatu mengine dhidi ya China. Mwaka 2022 hakucheza fainali za Afrika kwa sababu ya masharti ya vipimo vya homoni, na maneno yaliyosemwa juu ya mwili wake hatuwezi kuyasoma mbele ya walimu. Mwaka uliofuata alikuwa nahodha kwenye Kombe la Dunia, na penalti yake dhidi ya Costa Rica ikawa bao la 1,000 katika historia ya mashindano hayo. Novemba 2024 alifunga bao pekee la fainali lililoipa Orlando Pride ubingwa wa Marekani, na Marta akiwa timu hiyo hiyo. Sisi pia tunaitwa jikedume tukipita mitaani na mpira kwapani. Tukiitwa hivyo, mmoja wetu hujibu "Banda!", tunacheka, tunaendelea na safari.

Mzambia mwenzake, Racheal Kundananji, aliuzwa Februari 2024 kutoka Madrid CFF kwenda Bay FC ya Marekani kwa zaidi ya dola 780,000. Wakati huo hakuna mchezaji mwanamke duniani aliyewahi kuuzwa kwa fedha hizo. Hilo tumeliweka kwa ajili ya wajomba, ambao swali lao huwa ni moja tu.

Sasa hatutaki kumdanganya mtu. Sisi ni wachezaji 24. Inawezekana kabisa asitoke hata mmoja wa kwenda Ulaya. Mpira una kazi nyingine ndani yake: kuna ukocha, kuna uandishi wa michezo, kuna utabibu wa timu, na kuna urefa. Jonesia Rukyaa, mwanamke wa Kitanzania, amewahi kushika filimbi katika mechi ya Simba na Yanga, na mnajua mechi ile watu wazima wanavyokuwa. Na wapo miongoni mwetu wanaocheza kwa sababu wanaupenda tu. Nao tunaomba wahesabiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hali yetu ni hii. Magoli unayoyaona kule mwisho ni nguzo za mkonge, tulipewa na mzazi mmoja mwenye shamba, tunamshukuru. Ni nyepesi. Shuti kali likigonga mwamba, goli zima linatikisika, na kipa wetu amejifunza kudaka mpira huku akiangalia asiangukiwe. Njumu tunazo pea tisa. Fundi viatu wa Ngamiani ameshazishona hadi pengine uzi ni mwingi kuliko ngozi. Anayetoka hukaa pale mstarini, anafungua kamba, anavua njumu haraka haraka ili anayeingia azichukue, kwa hiyo mwalimu wetu hupanga mabadiliko kwa namba ya mguu. Mwaka huu kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, tulihitaji winga wa kushoto mwenye kasi, akaingia beki, kwa kuwa viatu vilivyotoka vilikuwa namba 38.

Hayo tunayavumilia. La uwanja ndilo gumu. Wavulana wana siku zao nne. Sisi tumepewa Ijumaa jioni, na Ijumaa hiyo hiyo uwanja hukodishwa kwa ndondo za mtaani, tunafika na mpira wetu tunakuta watu wameshachora mistari. Tunakwenda kukimbia ufukweni Raskazone Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Ni mazoezi mazuri ya pumzi, lakini mpira hautulii, na wavuvi wanatulalamikia nyavu zao.

Kwa hiyo maombi yetu hayako mengi. Kwanza uwanja: tunaomba Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, ziwe zetu kwa maandishi, tuwahi madrasa, na wanaohitaji kuchota maji nyumbani wafike kabla ya magharibi. Hili halina gharama yoyote, na tumeshazungumza na nahodha wa wavulana, anasema hana neno ikiwa mwalimu atasaini. Pili, magoli ya chuma. Fundi wa kuchomelea wa jirani amekubali kutufanyia kazi bure, tukimletea mabomba na rangi. Tatu ni njumu, na hapa hatuchagui mpya wala za zamani, ila tunaomba sana ziwepo za namba 37 hadi 40. Vikinga ugoko tutachanga wenyewe.

Kwa wazazi tunaomba neno moja dogo. Njooni mtutazame siku za kawaida pia, siku isiyo na mgeni rasmi wala soda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fainali ya leo ni Kidato cha Pili dhidi ya Kidato cha Tatu. Kidato cha Tatu watavaa njumu kipindi cha kwanza, Kidato cha Pili kipindi cha pili, hivyo ndivyo tulivyokubaliana kwa kura ya shilingi. Tunakuomba ushuke uwanjani kukagua timu, na ukifika kwa kipa wa upande wa bahari umpe mkono wa kushoto, wa kulia umeteguka kidogo na hataki mwalimu ajue.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa na Katibu wa Timu ya Soka ya Wasichana, kwa niaba ya wachezaji wote.