Barua kwa Hamisi kuhusu F-Zero X na alama zake

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliisoma nikicheka peke yangu. Yaani F-Zero X, ile gemu ya mbio ya Nintendo 64 niliyokusifia miaka nenda miaka rudi, umeifungua kwenye Switch, mtambo mpya wa Nintendo, ukacheza kidogo, ukaizima, halafu unaniandikia kwamba watengenezaji wake lazima waliondoka kazini kabla hawajaimaliza. Mashine zenyewe maboksi yaliyopakwa rangi, barabara inaning'inia hewani bila nyumba wala mti pembeni, na huko mbali hakuna kitu zaidi ya mbingu. Swali lako ni moja tu: wahakiki wa 1998 walipenda nini hapo?

Macho yako hayana kasoro. Wahakiki nao waliyaona hayo hayo. Gemu ilitoka Japani tarehe 14 Julai 1998, Marekani mwezi Oktoba, Ulaya Novemba, na ukipitia tahakiki za wakati ule utakutana na lawama ile ile tena na tena: poligoni chache (vipande bapa vinavyounda maumbo), mandhari tupu, rangi bapa. Cha ajabu, wakishamaliza kulalamika walikuwa wanatoa alama za juu. Metacritic, tovuti iliyokuja kuzikusanya alama hizo baadaye, inaonyesha wastani wa 85 kwa 100. Alama hiyo haipewi gemu iliyoachwa njiani.

Ugomvi wangu na wahakiki uko kwingine. Magazeti mengi ya gemu ya enzi zile yalikuwa na mtindo wa kuukatakata mchezo vipande: picha zina alama yake, sauti yake, uchezaji wake, mwisho zinajumlishwa. Kwa mtindo huo F-Zero X ikawa inapunguziwa kwenye picha na kuongezewa kwenye uchezaji, na msomaji akaondoka akidhani kuna upande mbaya na upande mzuri, na kwamba waundaji wangejitahidi kidogo tu wangeupamba ule mbaya. Mimi nasema hakuna pande mbili hapo. Utupu unaoulalamikia ndio uliolipia kasi.

Hebu tazama hesabu yenyewe. Nintendo 64 ilikuwa na prosesa ya megahezi 93.75 na RAM ya megabaiti 4. Gemu zake nyingi zilikuwa zinakwenda kwa fremu, yaani picha, 20 au 30 kwa sekunde, na hakuna aliyeona aibu. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, iliyotoka Novemba ya mwaka huo huo na kuzoa sifa zote zilizokuwa zimebaki, iliishia 20. Mario Kart 64 ilikuwa na washindani 8, na madereva wake hawakuwa hata maumbo ya kweli: walikuwa picha bapa zilizoandaliwa kutoka pembe mbalimbali, zikibadilishwa haraka ili jicho lidanganyike. Sasa hawa wa Nintendo EAD, kitengo cha Nintendo kilichoiunda F-Zero X, wakaja wanataka mashine 30 kwenye barabara moja, zote zikisukumana, barabara yenyewe ikijipinda na kujigeuza juu chini, kwa fremu 60 kwa sekunde. Kwa mtambo ule njia ilikuwa moja: kuvua. Wakavua miti, wakavua majengo, wakapunguza pembe za kila mashine mpaka ikabaki na umbo la kutosha kuitambua kwa mbali. Walipofika mahali ambapo wangevua tena barabara yenyewe ingepotea, wakaacha.

Halafu kuna jambo la picha za magazetini, ambalo nadhani liliiumiza gemu hii kuliko maneno ya mhakiki yeyote. Mwaka 1998 watu wengi walikuwa wanaijua gemu kwa picha zilizochapishwa, wiki au miezi kabla hawajaiona ikitembea. Na picha moja ya F-Zero X, Hamisi, inasikitisha. Maboksi manne matano juu ya utepe wa kijivu. Wipeout 64, gemu nyingine ya mbio iliyotoka Marekani mwezi Novemba ule ule, ilikuwa na taa na mabango na kuta za kuangalia. Ziweke picha zao sambamba, asiyecheza atachagua Wipeout bila kusita. Fremu 60 kwa sekunde hazichapishiki kwenye karatasi. Ndiyo maana pamoja na ugomvi wangu wote nawaheshimu wahakiki wale: walikuwa na picha mbaya mkononi, wakawaambia wasomaji wasiziamini.

Nataka nikuonyeshe kwa nini fremu hizo si urembo. Najua hujafika hapo, kwa sababu umeniambia uliacha kabla ya kumaliza kombe la kwanza.

Mzunguko wa kwanza huna busta, ile nguvu ya kukuongezea kasi kwa muda mfupi. Unashika nafasi, unakwepa kuta, unapima kona. Ukivuka mstari, busta inafunguka, na hapo ndipo gemu inapoanza. Kwenye F-Zero ya kwanza ulikuwa unapewa busta moja kwa kila mzunguko, ukipenda tumia, ukipenda weka. Hapa wakaibadilisha: busta inakula nishati ile ile inayokulinda usilipuke. Ukigusa ukuta inapungua, ukigongwa inapungua, na ukibonyeza busta unaipunguza kwa mkono wako mwenyewe. Ni kama kuezua mabati ya nyumba yako uyauze upate nauli ya kuwahi. Unawahi kweli, ila mvua ikinyesha usimlaumu mtu. Kuna vipande vya barabara vinavyokujazia nishati ukipita juu yake, lakini na wenzako wanavitaka, na wengi mnafika pale kwa wakati mmoja.

Sasa weka hayo yote kwenye kasi inayopita kilomita 1000 kwa saa. Kushoto kuna mashine inasogea. Je, inapita zake, au inakuja kukubamiza? Ukigonga kitufe cha Z au R mara mbili harakaharaka unaibamiza wewe kwanza. Ukikosea hesabu unajitupa mwenyewe nje ya barabara, na sehemu nyingi hazina ukuta, kwa hiyo ukitoka umetoka, mbio zimekwisha. Uamuzi wote huo unafanyika kabla hujamaliza kupumua. Kwa fremu 20 ungeiona ile mashine ikiwa mbali, halafu ungeiona ikiwa imeshakugonga. Kwa 60 unaiona inavyosogea. Unapata nafasi ya kuwa dereva. Mhakiki aliyeandika kwamba picha ni duni ila uongozaji wa mashine ni mwororo ajabu, alikuwa anasifu na kulaumu kitu kimoja.

Ile gemu ya kwanza sitaizungumzia sana, unaijua. Ilizinduliwa pamoja na Super Famicom, mtambo wa Nintendo uliotangulia Nintendo 64, Novemba 1990, na watu waliduwaa kuona ardhi bapa ikizungushwa na kukuzwa chini ya mashine kwa ufundi ule wa Mode 7. Mashine zilikuwa nne tu, na lawama yake kubwa ilikuwa kwamba huwezi kucheza na mwenzio. Miaka minane baadaye F-Zero X ikajibu kwa kuruhusu watu wanne kwenye skrini moja, na wahakiki wakaisifu kwa hilo. Mimi hapo ningewakatia kidogo. Skrini ikigawanywa mara nne, ule umati wa mashine 30 unatoweka, mnabaki wanne kwenye barabara inayoonekana kubwa kuliko mahitaji. Mtambo ulikuwa umefika mwisho wa uwezo, naelewa. Kilichookoa ni kichekesho kimoja: aliyelipuka mapema hakai bure, anapewa mashine ya bahati nasibu azungushe picha, na zikilingana, waliobaki barabarani wanapunguziwa nishati. Marehemu analipiza kisasi. Nimewaona watu wazima wakigombana kwa sababu ya kitu hicho.

Muziki ni magitaa makali mwanzo mpaka mwisho, nyimbo za gemu ya kwanza zikiwa zimegeuzwa roki nzito. Ama unapenda, ama unapunguza sauti.

Kombe la X ndilo nililotaka ulifikie kabla hujaandika hukumu yako. Humo gemu inajitungia barabara zenyewe, na kila ukirudi zimebadilika. Kwa katriji ya 1998 hilo lilikuwa jambo la kushangaza, na wahakiki wengi walilitaja kama sababu ya kuendelea kucheza hata ukishamaliza barabara 24 zilizochorwa kwa mkono. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine. Mara mojamoja gemu inatunga kona ya kikatili kiasi kwamba hata mashine zinazoendeshwa na kompyuta hazijui pa kupita. Unafika pale unakuta zinamwagika kutoka barabarani, moja baada ya nyingine, na wewe uliyekuwa wa kumi na ngapi huko unajikuta katika kundi la mbele bila kumpita mtu. Hapo ndipo unapoona kwamba ule utupu unaruhusu mambo. Barabara isiyohitaji mji pembeni inaweza kuchorwa na mashine papo hapo.

Kama unataka kujua ingekuwaje wangekuwa na mtambo mkubwa, iangalie F-Zero GX ya 2003 kwenye GameCube, mtambo wa Nintendo uliofuata, iliyotengenezwa na Amusement Vision ya Sega chini ya Toshihiro Nagoshi. Mashine 30 zile zile, fremu 60 zile zile, na safari hii miji, dhoruba, taa, kila kitu. Wahakiki walizisifu picha zake sana. Na lawama? Ikahamia kwenye ugumu: inaadhibu mno, haimhurumii mgeni. Tena hapo walikuwa na haki, sehemu ya hadithi yake imewatoa jasho watu wanaojiita mabingwa. Ila nikichagua ya kucheza jioni, mara nyingi mkono unakwenda kwenye X. Kwenye GX jicho langu linavutwa na mapambo. Kwenye X halina pengine pa kwenda.

Basi fanya hivi. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya televisheni yako, uwashe hali ya gemu, maana skrini kubwa za siku hizi zinachelewesha picha, na kuchelewa kidogo tu kunaiua gemu hii. Pili, acha kuchagua mashine ya Golden Fox kwa sababu ya rangi. Busta yake ni daraja A, lakini bodi, yaani uimara wake, ni D, ukiguswa umekwisha. Chukua Fire Stingray, ina bodi ya A, itakuvumilia ukijifunza. Tatu, kabla ya mbio utaona kipimo cha kuchagua kati ya kuondoka haraka na kasi ya juu. Kiweke katikati kwanza. Siku utakapoona hugongi kuta hovyo, anza kukisogeza upande wa kasi.

Halafu ukishalimaliza Kombe la Jack, lile la kwanza, unitafute. Toleo hilo la Switch, tangu lilipotoka Machi 2022, linaruhusu wanne kucheza kwa intaneti, na mimi na wawili wengine huwa tunakutana Ijumaa usiku. Kuna nafasi moja. Nakuonya tu kwamba mmoja wetu hajali ushindi hata kidogo, anacheza kwa ajili ya kuwabamiza wenzake, na sitakuambia ni nani.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Idi